Fidia ya kazini ni haki, si sadaka

Ndugu zangu Waislamu, wapo wanaoumia kazini wakanyamaza, wakisema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini hakufuti haki ya mja. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko (WCF), ulioanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi. Mfuko hulipia matibabu na ulemavu, pamoja na wategemezi wa aliyefariki, iwe kwa ajali au maradhi yatokanayo na kazi. Nakunasihi: mwarifu mwajiri mapema, tunza vyeti vya hospitali, wala usipitishe miezi 12. Anayeridhika na bahasha ya bosi huacha haki, akapokea sadaka.