Maji ya Mfereji na Bwawa la Samaki: Yaache Yalale Kwanza

Mfugaji akiamka alfajiri na kukuta tilapia wake wamejaa juu ya maji wakitweta, midomo wazi, mkono wake huenda kwenye mfereji. Samaki wamekosa hewa, anawaza, basi wapewe maji mapya. Mara nyingine hatua hiyo huwaokoa. Lakini maji hayo yakitoka moja kwa moja kwenye bomba la kampuni ya maji na kumiminwa kwa wingi katika tangi au kidimbwi kidogo cha karatasi ya plastiki, huenda kufikia adhuhuri samaki wakawa wanaelea matumbo juu. Hapo muuaji ni klorini, dawa ile ile inayomkinga mfugaji na watoto wake dhidi ya kipindupindu na homa ya matumbo.

Wakazi wengi wa Kitui na Makueni walianza kufuga samaki baada ya 2009, serikali ya kitaifa ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi na mabwawa ya mita mraba 300 yakachimbwa katika maeneo bunge mengi nchini. Tangu ugatuzi wa 2013, uvuvi na usambazaji wa maji yote ni majukumu ya kaunti. Kwa hiyo kaunti ile ile inayomfundisha mkulima kufuga kambare ndiyo inayosimamia maji yenye dawa. Hakuna mgongano hapo, mradi kila upande uelewe kazi ya klorini.

Mji wa Kitui hupata maji ya bwawa la Masinga, na Mwingi hupata ya bwawa la Kiambere. Maji ya mabwawa hayo ni lazima yasafishwe na kutiwa dawa kabla ya kufika nyumbani, na dawa kidogo hubaki ndani yake kwa makusudi ili vijidudu visiingie njiani kwenye mabomba. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yanapofika mferejini yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita, na kwa kawaida kiwango huwa kati ya 0.2 na 0.5. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu, kiwango huongezwa.

Kwa binadamu hicho ni kiasi kidogo, kwa sababu maji anayokunywa hupitia tumboni na klorini huishia huko. Samaki hana kinga hiyo. Yeye hupitisha maji mchana na usiku kwenye matamvua, zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya mashavu yake, na ngozi ya matamvua ni nyembamba mno, damu iko karibu kabisa na maji. Klorini huichoma. Samaki huanza kutoa ute mwingi, matamvua huvimba, na mwishowe hushindwa kuvuta oksijeni hata kama maji yamejaa oksijeni. Miligramu 0.05 kwa lita, sehemu ya kumi tu ya ile inayoweza kutoka mferejini, inatosha kumdhuru. Pua ya mtu haiwezi kunusa kiasi hicho, kwa hivyo maji kutokuwa na harufu ya dawa si ushahidi wa chochote.

Kutofautisha samaki aliyekosa oksijeni na aliyechomwa na klorini ni jambo la kutazama saa na kukumbuka jana. Oksijeni hupungua usiku, hasa bwawa likiwa la kijani kibichi sana au likiwa limelishwa kupita kiasi. Samaki hutweta alfajiri, na jua likishachomoza wanaanza kurudi chini. Klorini haingoji alfajiri. Dalili hutokea dakika au saa chache baada ya maji kuongezwa, wakati wowote wa siku: samaki wanakimbia huku na huko, wanaruka, wanajikusanya mbali na mpira unapomwaga maji, kisha wanalegea. Mfugaji akidhani ni hewa na kuongeza maji zaidi ya mfereji, anaongeza sumu.

Ukubwa wa bwawa nao una maana yake. Bwawa la udongo la mita mraba 300 lenye kina cha mita moja lina lita 300,000. Mkulima akiongeza lita 30,000 zenye miligramu 0.5 za klorini kwa lita, dawa hiyo ikisambaa bwawani hushuka hadi karibu 0.05, na tope, mbolea na mwani huimaliza upesi. Samaki walio karibu na mdomo wa mpira ndio wanaopata taabu. Sivyo ilivyo kwa tangi la lita 1,000 la vifaranga. Nusu ya maji ikibadilishwa kwa mpigo mmoja, kila lita inabaki na miligramu 0.25, na tangi lililosuguliwa likang'aa halina tope la kuila dawa. Ndiyo maana wanaopoteza samaki mara nyingi ni wafugaji wasafi!

Dawa rahisi ya klorini ni muda. Jaza pipa au kidimbwi kisicho na samaki, acha wazi juani kwa siku moja hadi mbili, na koroga mara kwa mara. Jua huivunja klorini na upepo huipeperusha. Funika kwa wavu wa chandarua ili mbu wasizaliane humo. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuhesabu siku maji yakiwa ndani ya tangi jeusi la plastiki lililofungwa kifuniko. Humo hamna jua wala upepo, na klorini inaweza kukaa siku nyingi. Maji yanayoletwa na lori nayo yachukuliwe kuwa yametiwa dawa hadi mwenye lori aeleze alikoyachota.

Asiyeweza kusubiri ana njia nyingine. Sodiamu thayosalfeti, chembechembe nyeupe zinazouzwa na wauzaji wa kemikali na zinazopatikana ndani ya dawa nyingi za maduka ya samaki wa mapambo, huimaliza klorini papo hapo. Gramu 7 zinatosha lita 1,000 za maji yenye klorini hadi miligramu 1 kwa lita. Kwa ndoo chache, kidonge cha vitamini C kisicho na sukari wala rangi hufanya kazi hiyo hiyo: nusu ya kidonge cha miligramu 500, kikisagwa na kukorogwa, kinatosha lita 100 za maji ya kawaida ya mfereji.

Samaki wakiwa tayari wameanza kulegea, funga mfereji kwanza. Tia thayosalfeti, kisha chota maji ya bwawa lile lile kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yavute hewa. Usiwalishe siku hiyo.

Mwenye samaki wa mapambo sebuleni azingatie jambo moja zaidi. Kichungio cha tangi kina bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki isiwe sumu kali. Kukiosha chini ya mfereji ni kuwaua bakteria hao, na samaki hufa siku kadhaa baadaye bila mwenyewe kujua kwa nini. Sponji ikamuliwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe. Vilevile ndoo ya samaki isitumike kwa Jik, na nyavu zilizotiwa Jik zisuuzwe na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa.

Maji ya mvua kutoka mabatini, ya silanga na ya visima vya mchanga mtoni hayana klorini, mradi hakuna aliyeyatia WaterGuard kwa ajili ya kunywa. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani, na tangi moja likitengwa kwa samaki msimu huo linapunguza haja ya mfereji miezi ya kiangazi. Maji ya kisima kirefu ni salama upande wa dawa, ila mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, na mengine yana chumvi. Yarushwe hewani kabla ya kuingia bwawani, na sampuli ipelekwe kupimwa kabla ya kununua vifaranga. Maafisa wa uvuvi katika ofisi za kilimo za kaunti ndogo watamwelekeza mkulima pa kuipeleka.

Maji ya kunywa nyumbani yaendelee kutiwa dawa kama kawaida. Pipa la samaki ndilo litengwe, liandikwe kwa rangi, na watoto waambiwe.