Biwi Linalonuka

*Bwana Mtaalamu, nimekusanya majani mabichi, maganda ya ndizi na samadi ya ng'ombe nipate mboji, lakini biwi lanuka kama yai viza na majirani wananilalamikia. Je, nilitupe?*
*Mkulima, Wete, Pemba*

Ndugu yangu, usilitupe, kwani uvundo huo ni dalili ya dhiki ya hewa tu: vijidudu viozeshavyo taka, vikibanwa na maji na majani mabichi yaliyoshindiliwa, hukosa pumzi, na mahali pake hushikwa na vingine visivyohitaji hewa, navyo ndivyo vitoavyo harufu hiyo. Lipindue lote kwa uma, ukichanganya majani makavu ya mgomba au makuti yaliyokatwakatwa, kadiri ya ndoo mbili au tatu kwa ndoo moja ya vitu vibichi. Makumbi ya nazi, ambayo aghalabu huchomwa bure, yafaa pia, ila huoza polepole mno, basi yachambue kwanza. Lifunike lisinyeshewe, ulipindue kila juma, na ulishikapo liwe na unyevu pasipo kuchuruzika. Likipata moto wa ndani hata digrii 55, limekwisha kupona. Uvundo ukidumu baada ya majuma mawili, mwite Bwana Shamba alitazame.