Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo

Methali hii unaijua. Huwa tunaitumia kumwonya mtu asidharau watu ambao bado atawahitaji. Leo tutaisoma kwa maana yake ya kwanza kabisa, yaani wakunga na uzazi.

Vijijini tunao wakunga wa aina mbili. Yuko bibi, mkunga wa jadi, aliyejifunza kazi kwa mama yake. Yuko pia mkunga wa zahanati, aliyejifunza chuoni. Mara nyingi wawili hawa hawapatani. Wa zahanati husema, "Bibi huyo anaua watu." Bibi naye husema, "Manesi wana matusi tu." Katika ugomvi huo anayeumia ni mama mwenye mimba.

KWA NINI WENGINE HUZALIA NYUMBANI?

Si kweli kwamba wote ni wajinga. Zahanati yaweza kuwa mbali, na usiku hakuna gari. Wengine hawana nauli, wala kanga mpya za kumpokelea mtoto, basi wanaona haya. Wengine walifokewa siku za nyuma, wakaapa hawarudi. Na nyumbani kuna bibi. Anakuita mwanangu, anakusugua mgongo, anakupa uji.

Hata hivyo mambo yanabadilika. Uchunguzi wa afya wa Tanzania nzima wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100, kama 50 tu ulikuwa katika zahanati, vituo vya afya na hospitali. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Basi waliobaki ni wachache, lakini nao ni dada zetu na wake zetu.

UCHUNGU MREFU SI DHAMBI

Tuchukue mfano. Mama ameshikwa na uchungu jana jioni. Usiku umepita. Jua limechomoza, mtoto hajatoka. Wazee wanaanza kunong'ona: "Huyu ana neno. Amtaje mwanamume."

Mama mkwe anaingia ndani.

"Mwanangu, sema tu. Ukisema, mtoto atatoka."

"Mama, sina la kusema."

"Usifiche. Utakufa bure."

Anaulizwa tena na tena. Jua linapanda. Baiskeli ipo, imeegemea ukuta. Hakuna anayeigusa. Mwishowe mama anataja jina lolote ili wamwache. Haya, jina limetajwa. Je, mtoto ametoka? Hajatoka. Sasa nyumba ina mgonjwa na ugomvi pia.

Ndugu msomaji, mtoto hakwami kwa sababu ya zinaa. Hukwama kwa sababu amelala vibaya, au nyonga za mama ni nyembamba, au uchungu hauna nguvu ya kutosha. Mke mwaminifu hukwamiwa sawa na mwingine yeyote. Uchungu ukizidi saa 12 bila mtoto kutoka, hiyo ni hatari. Mtoto huchoka, na mji wa mimba waweza kupasuka. Mama akipona, anaweza kubaki na fistula, yaani mkojo unavuja bila kuzuilika. Dawa za miti za kuharakisha uchungu huongeza hatari hiyo. Mama wa namna hii anahitaji daktari, na pengine upasuaji. Kumhoji ni kumpotezea muda.

DAMU HAISUBIRI KIKAO

Hatari nyingine huja baada ya mtoto kutoka. Kila mtu anafurahi, vigelegele vinapigwa, kumbe mama anavuja damu. Kanga ikilowa na damu inaendelea kutoka, au kondo la nyuma likikaa zaidi ya nusu saa, aondoke mara moja. Mama anayevuja damu nyingi aweza kufa katika saa 2. Mkunga wa zahanati ana sindano ya kuukaza mji wa mimba. Bibi hana sindano hiyo, hata awe na mikono mizuri namna gani. Kabla hujamtafuta mwenye gari na kuomba mkopo wa nauli, saa 2 zimekwisha.

KAZI YA BIBI NI IPI?

Je, tumfukuze bibi? Hapana. Bibi ndiye anayejua mapema nani ana mimba. Akisema, "Mwanangu, twende zahanati," anasikilizwa kuliko bango lolote. Na afike naye, akae karibu naye, amtie moyo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mama awe na mtu anayempenda karibu yake wakati wa uchungu.

Na ninyi wakunga wa zahanati, methali hii ni yenu pia. Mama aliyefokewa leo atazalia nyumbani kesho. Mpokeeni vizuri, na bibi aliyemleta msimkemee.

MPANGO WA NYUMBANI

Mume na mke wakae pamoja mimba ikiwa bado changa, wakubaliane mambo haya:

1. Mama aanze kliniki mapema, asingojee tumbo kuwa kubwa.
2. Fedha ya nauli iwekwe kidogo kidogo, isiguswe kwa jambo lingine.
3. Mwenye gari au pikipiki aambiwe mapema. Kama zahanati ni mbali, mama ahamie kwa ndugu wa karibu na huko kabla ya siku kufika.
4. Mama mwenyewe awe na ruhusa ya kuondoka. Baba akiwa safarini, asingojewe.

Na hizi ni dalili za kuondoka bila kungoja: kutoka damu kabla ya kuzaa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, na maji kupasuka bila uchungu kuanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mfano wetu, baiskeli ilikuwapo. Ni nini kilichomchelewesha mama?
2. Kijijini kwenu, usiku wa leo mama akivuja damu, atasafiri kwa chombo gani? Nani atalipa?
3. Bibi mkunga na mkunga wa zahanati wanawezaje kusaidiana kwenu?

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma. Anza na mama mkwe.