"Uma Kidogo": Somo Lililo Nyuma ya Karatasi ya Rangi

Mkazi anayezibwa jino katika hospitali zetu huambiwa mwishoni, "Uma kidogo." Daktari huweka ukanda mwembamba wa karatasi ya rangi kati ya meno, mgonjwa huuma mara mbili tatu, na vidoa vya buluu au vyekundu hubaki juu ya meno. Ni kazi ya dakika moja tu, lakini kuvisoma vidoa hivyo sawasawa ni somo ambalo wanafunzi wa udaktari wa meno hulirudia kwa miaka.

Mwanzo hakuna mgonjwa. Mwanafunzi hushika meno ya plasta yaliyofungwa kwenye kifaa chenye bawaba kinachoiga mwendo wa taya, kiitwacho artikuleta. Hapo hujifunza namna meno yanavyopaswa kukutana. Kwa mfano, ncha ya mbele ya gego kubwa la kwanza la juu, iliyo upande wa shavu, hukaa katika mfereji wa gego la kwanza la chini. Kipimo hicho kiliandikwa na daktari Mmarekani, Edward Angle, mwaka wa 1899, na bado kinafundishwa.

Halafu huja karatasi yenyewe. Ile nene hufikia maikroni 200, yaani sehemu moja ya tano ya milimita, nayo huweza kupaka rangi hata pale ambapo meno hayagusani. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kupendelea iliyo nyembamba, na kukausha meno kwanza kwa sababu jino lenye mate halishiki rangi vizuri. Hutumia rangi mbili: moja mgonjwa anapofunga mdomo moja kwa moja, nyingine anaposugua meno huku na huku kama anayetafuna.

Hapa ndipo wengi huteleza. Ni rahisi kudhani kwamba doa kubwa ndilo linalobeba uzito zaidi, lakini ukubwa wa doa hauonyeshi nguvu ya mng'ato. Mara nyingi doa la kutiliwa shaka ni lile lenye duara la rangi na kitovu cheupe, maana shinikizo limeisukuma rangi pembeni. Ili kuhakikisha, hutumiwa utepe wa maikroni 8, mwembamba kuliko unywele. Mgonjwa akiuma na utepe ukavutika bila kukwama, meno yale hayajashikana. Mwalimu huwa mkali sana hapa, kwani jino lililosagwa kupita kiasi halikui tena.

Tatizo jingine ni ganzi. Mgonjwa aliyekaa mdomo wazi muda mrefu, amelala chali na shavu limekufa ganzi, akiulizwa kama yuko sawa hujibu "sawa" ili aende nyumbani. Ndiyo maana mwanafunzi huelekezwa kutazama mng'ato kabla ya kuanza kuziba, kisha kumketisha mgonjwa wima na kupima tena.

Ganzi ikishaisha, ukihisi jino lililozibwa linagusana na lenzake kabla ya mengine, au linauma kila unapotafuna, rudi kliniki ulikotibiwa. Baadhi ya watu hutafunia upande mmoja kwa miezi, na wengine huomba jino ling'olewe wakidhani dawa imekataa, ilhali mara nyingi kinachohitajika ni kusawazisha sehemu ndogo iliyozidi. Jino likiachwa hivyo huendelea kugongwa kila mlo, na linaweza kupasuka.

Maumivu yanayokuamsha usiku, uvimbe wa shavu au homa ni jambo tofauti na la haraka zaidi. Usisubiri siku uliyopangiwa. Ukifika, mweleze daktari ni jino lipi linalotangulia kugusa na linauma wakati gani, hata kama hakukuuliza.