Jinsi ya Kupanga Safari ya Gari katika Nchi ya Jangwa

Sisi watu wa Pemba tunapotaka kusafiri kwa gari hatusumbuki sana. Kisiwa chetu chote kina urefu wa kilomita 67 hivi. Mtu akitoka Mtambile asubuhi hufika Konde mapema, na njia nzima haachi kuona mikarafuu, visima na watu. Nchi ya jangwa haiko hivyo. Huko msafiri hapimi njia kwa kilomita peke yake, bali hana budi kuipima kwa maji, kwa joto na kwa saa za mchana. Hilo ndilo somo la makala haya, na nchi niliyoichagua ni Omani, ambako wengi wetu tuna jamaa.

Ninayo sababu ya kuichagua. Baba yake bibi yangu alizaliwa Ibra, katika upande wa Sharqiya. Alikuja Pemba kijana kwa biashara ya karafuu, wala hakurudi tena. Bibi sasa ana umri wa miaka 76, na haja yake ni kuuona mji huo kwa macho yake. Mjomba anayekaa Maskati yuko tayari kutuendesha mwezi wa Disemba, mitihani yetu ya Kidato cha Nne ikisha. Lakini baba amesema hatatoa ruhusa mpaka auone mpango ulioandikwa, unaoonyesha bibi atalala wapi na atapumzika wakati gani. Basi nimeuandika hapa dakhalia, ramani mbele yangu, kwa kufuata Jiografia tuliyofundishwa.

Kwanza ni majira. Maskati hupata mvua ya milimita 100 hivi kwa mwaka, ambayo sisi huweza kuipata kwa siku chache za masika. Katika miezi ya Juni na Julai joto hupita nyuzi 40, na mzee hafai kutembezwa humo. Kuanzia Novemba mpaka Machi hewa huwa nzuri. Kwa hiyo Disemba inafaa.

Pili ni maji. Miji ya ndani ya Omani haikujengwa ovyo. Watu walikaa pale ulipofika mfereji uitwao falaj, unaoleta maji kutoka chini ya milima bila ya pampu, kwa mteremko wa ardhi tu. Mifereji mitano ya namna hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mmoja wao, Falaj Daris, uko Nizwa. Basi anayesoma ramani ya jangwa na ajue kwamba palipo mji wa kale ndipo palipo maji, na hapo ndipo pa kulala.

Tatu ni hatari ya maji hayo hayo. Wadi ni bonde la mto mkavu. Mvua ikinyesha mlimani, mafuriko huweza kushuka wadini hata kama juu ya kichwa chako jua linawaka. Mwezi wa Aprili 2024, huko huko Sharqiya, mafuriko yalichukua gari lililobeba wanafunzi, na watoto kadhaa wakafa. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: maji yakipita barabarani, gari litasimama mpaka yaishe, hata ikiwa ni kulala njiani.

Nne, jicho hudanganya. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisafiri kutoka pwani yetu mpaka Omani. Chombo kilipotia nanga Sur aliuona mji wa Qalhat, akadhani uko karibu, akaenda kwa miguu. Njia ikawa ndefu, kiu ikamshika, na alipofika miguu ilikuwa imevimba. Leo gari huimaliza njia hiyo kwa muda mfupi, lakini fundisho limebaki.

Sasa mpango wenyewe:

Alhamisi: Maskati mpaka Nizwa, kilomita 160 hivi. Kuondoka saa 2 asubuhi.

Ijumaa: Nizwa. Asubuhi mnada wa mbuzi, kisha ngome iliyojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif. Baada ya sala, mapumziko.

Jumamosi na Jumapili: Ibra. Hapo zimo nyumba za kale za watu waliofanya biashara na pwani yetu. Bibi atakuwa na siku ya pili ya kuulizia jamaa bila ya haraka.

Jumatatu: Kupitia Bidiya, ambako vilima vya mchanga huonekana, mpaka Sur, mji wa mafundi wa majahazi yaliyokuwa yakija kwetu na kaskazi.

Jumanne: Sur mpaka Maskati kwa njia ya pwani, kilomita 200 hivi, tukipitia magofu ya Qalhat.

Wasomaji wataona kwamba Jabal Akhdar haimo. Ni mlima mzuri wenye mawaridi na makomamanga, lakini uwanda wake uko juu mita 2,000, na barabara yake ni kali hata polisi hawaruhusu gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne. Nimeuacha, ingawa mimi mwenyewe naupenda, ili bibi aipate siku yake ya pili Ibra. Kupanga ni kuchagua, na mwenye haja ya safari ndiye wa kutangulizwa.

Mambo ya gari ni haya: kujaza mafuta kila mji, kuweka akiba ya maji lita 5 kwa kila mtu, na kufika kabla ya Magharibi, kwani usiku ngamia huvuka barabara. Tena Omani hupita upande wa kulia.

Zoezi kwa wenzangu: Kutoka Maskati mpaka Salalah ni kilomita 1,000 hivi. Kusi ileile tunayoijua sisi huipelekea Salalah ukungu na manyunyu kuanzia Juni mpaka Septemba, wakati jangwa la njiani linawaka. Mpangie bibi yako safari hiyo. Utaondoka mwezi gani, na utalala wapi?