SOMO: MATUMIZI SALAMA YA MASHINE YA KUPULIZIA MAJANI

Mashine ya kupulizia majani haina panga wala msumeno, kwa hiyo wengi huidhania kuwa chombo kisicho na hatari, na mara nyingine mtumishi wa bustani hukabidhiwa bila ya maelezo. Madhara yake yapo, na kubwa zaidi ni lile lisiloonekana: kupotea kwa usikivu.

Kelele na masikio

Mashine nyingi za petroli hutoa kelele ya desibeli 90 hadi 100 sikioni mwa anayeiendesha. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, katika mwongozo wake wa mwaka 1998, ilipendekeza kuwa mfanyakazi asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba kila zikizidi desibeli 3 muda huo upunguzwe kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 94 ni kwa saa 1 tu, na desibeli 100 ni kwa dakika 15.

Kelele kali huua seli za sikio la ndani, na seli hizo hazioti tena. Aliyeathirika huenda asitambue mpaka baada ya miaka, anapoanza kuwataka watu warudie maneno yao. Pamba haitoshi, vinahitajika viziba masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kuwasha

(a) Mwendeshaji avae viziba masikio, miwani ya kukinga macho, barakoa ya vumbi, suruali ndefu na viatu vya kufunika miguu.

(b) Petroli ichanganywe na oili kwa kipimo cha mtengenezaji. Kikiwa 50 kwa 1, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili.

(c) Mafuta yatiwe mashine ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto na sigara. Mashine iwashwe angalau mita 3 kutoka mahali ilipotiwa mafuta.

Wakati wa kazi

Upepo wa mashine nyingi hupita mwendo wa kilomita 200 kwa saa, na huweza kurusha kokoto jichoni. Miongozo mingi ya watengenezaji hutaka watu wengine wakae umbali usiopungua mita 15. Mdomo wa mashine usielekezwe kwa mtu, mnyama, dirisha wala gari. Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya jengo, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua. Palipo na vumbi jingi, ardhi inyunyizwe maji kwanza.

Wajibu wa wasimamizi

Wasimamizi wanatakiwa kuhakikisha kuwa vifaa vya kinga vinatolewa pamoja na mashine, na kuwapokeza watumishi zamu fupi fupi. Wakaazi wenye mashine majumbani nao wanaombwa kuzingatia maelekezo haya, na kutowasha mashine alfajiri wala karibu na skuli, hospitali na nyumba za ibada. Kwa uwanja mdogo, fagio la chelewa linatosha.