Shamba la kwenye simu: Likupumzishe, lisikunyime usingizi

BIBI mmoja mwenye umri wa miaka thelathini na mitano hivi alinijia akilalamikia kichwa kilichokuwa kikimuuma kila jioni kwa muda wa miezi miwili. Nilimpima shinikizo la damu, nikamchunguza macho, nikatuma damu yake maabara. Sikupata ugonjwa. Hatimaye nikamwuliza: “Mama, ukitoka kazini unapumzika vipi?”

Alinyamaza. Kisha akaniambia kwamba akishawalaza watoto huketi kitandani na simu, akijibu barua za mkubwa wake wa kazi hadi saa sita usiku. Zikiisha barua, husoma habari za vita na ajali mpaka macho yafumbe yenyewe.

Mpenzi msomaji, huenda nawe unaishi hivyo. Wakazi wengi wa mijini huondoka ofisini kwa miguu tu, lakini akili zao hubaki huko. Mtu wa namna hiyo mwili wake hukaa kama wa mtu anayekimbizwa: moyo hupiga mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza, na usingizi hukataa kuja. Hali hiyo ikidumu, humchosha mtu kiasi cha kuichukia kazi yenyewe.

Kuna njia nyingi za kuipumzisha akili. Matembezi ya jioni ni mojawapo, na mazungumzo na jirani ni nyingine. Kulima bustani pia husaidia, lakini anayeishi ghorofa ya nne atalima wapi? Juma hili ningependa kueleza njia moja ambayo huenda ikawashangaza wasomaji wa rika langu, nayo ni mchezo wa video wa kulima shamba.

Najua kuna watakaonikumbusha kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Hata mimi nilidhani hivyo, hadi binti yangu alipofunga shule na kuuweka mchezo huo katika simu yangu.

Ni mchezo wa namna gani?

Mchezo wenyewe unaitwa Stardew Valley. Ulitungwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, aliyesomea elimu ya kompyuta. Kwa zaidi ya miaka minne alifanya peke yake kila kitu, yaani michoro, muziki, hadithi na programu. Ulianza kuuzwa Februari 2016 kwa watumiaji wa kompyuta, na mwaka wa 2019 ukafika katika simu za Android. Barone mwenyewe amesema kuwa alivutiwa na mchezo wa Kijapani wa ukulima, Harvest Moon, uliotoka mwaka wa 1996.

Hadithi yake itawagusa wengi. Wewe ni mfanyakazi wa kampuni kubwa, umekaa kwenye dawati mchana kutwa. Siku moja unafungua barua uliyoachiwa na babu yako kabla ya kufariki. Ndani yake unakuta amekurithisha shamba lake karibu na kijiji kidogo cha pwani kiitwacho Pelican Town. Unaacha kazi, unapanda basi, unakwenda kulima.

Katika mchezo huu hakuna kufukuzana na wakati kwa hofu ya kushindwa. Ukichelewa kupanda leo, utapanda kesho. Ni kweli kuna majini machache katika migodi, lakini asiyetaka kupigana hapaswi kwenda huko mara kwa mara. Ukishaununua, hakuna matangazo wala madai ya kuongeza pesa kila hatua. Tena hauhitaji intaneti unapoucheza, kwa hiyo hauli data yako. Haujafasiriwa kwa Kiswahili, lakini Kiingereza chake ni chepesi.

Jinsi ya kuanza

Unapoamka siku ya kwanza unakuta shamba limejaa magugu, mawe na magogo. Una shoka, jembe, sururu, mundu na kopo la kunyunyizia maji. Mfukoni mna sarafu 500. Kijijini umeletewa zawadi ya mbegu 15 za parsnip, mboga ya mizizi iliyo ndugu ya karoti.

Kosa la wengi ni kutaka kulisafisha shamba zima siku hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Nguvu zako ni 270, na kila pigo la jembe hula 2. Fyeka mahali padogo karibu na nyumba, lima vishimo 15, panda, mwagilia maji, kisha nenda ukawasalimu wanakijiji.

Parsnip hukomaa baada ya siku nne, mradi uimwagilie kila siku. Siku ya mvua maji hutoka juu, nawe una nafasi ya kutembea. Kila mmoja huuzwa kwa sarafu 35, na mbegu mpya hupatikana katika duka la Pierre kwa sarafu 20. Duka hilo hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Jumatano halifunguliwi mwanzoni, basi usifunge safari bure.

Mwaka wa huko una majira manne, na kila majira yana siku 28. Majira yakibadilika, karibu mimea yote ya majira yaliyopita hukauka. Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu hesabu siku zilizobaki. Viazi huhitaji siku sita, nayo koliflawa siku 12. Ukipanda koliflawa tarehe 20 ya majira ya kwanza, umetupa pesa zako.

Weka sanamu ya kutishia ndege mara utakapofundishwa kuitengeneza, kwa maana kunguru hula mimea. Washa televisheni kila asubuhi, ikueleze hali ya hewa ya kesho. Uvuvi huwasumbua karibu wote mwanzoni. Ukikushinda, uache kwanza. Na ukitaka kufikiri kitambo, fungua mkoba wako: saa ya mchezo itasimama kukungoja.

Usiwasahau majirani. Kila mmoja ana shida zake. Yuko Shane, kijana anayezama katika ulevi, na ukimkaribia kwa subira utaona anavyopata msaada. Yuko pia Harvey, daktari wa kijiji. Kwa siri nitakiri kuwa nilimhusudu, kwa kuwa foleni ya kliniki yake haifiki hata nusu ya yangu.

Mahali nilipokosea

Juma la kwanza nilifurahia sana. Nilicheza nusu saa baada ya chakula cha jioni, nikalala vizuri. Juma la pili mambo yakabadilika. Nilianza kuandika hesabu katika daftari: mbegu gani ina faida zaidi, kuku wangapi wanatosha, fedha za banda zitapatikana lini. Nikajiwekea shabaha, na shabaha isipofikiwa sikubali kulala. Binti yangu aliniambia usiku mmoja: “Baba, zima taa ulale. Hata mkulima wako amelala.” Nilicheka, nikaendelea hadi saa nane.

Asubuhi yake nilimhudumia mtoto mwenye homa. Niliandika dawa, nikampa mama yake karatasi. Muuguzi aliisoma, akarudi nayo polepole, akaniuliza kwa heshima: “Daktari, mtoto huyu ana kilo ngapi?”

Alikuwa na kilo 11. Nilikuwa nimeandika kipimo cha mtu mzima.

Nilirekebisha palepale, na mtoto hakupata madhara. Lakini mikono yangu ilitetemeka hadi adhuhuri. Niliyekuwa nikitafuta mapumziko nilikuwa nimejitwisha kazi ya pili, tena ya usiku, isiyo na mshahara. Nikamkumbuka yule bibi wa maumivu ya kichwa. Tofauti kati yangu naye ilikuwa nini? Yeye alikesha akijibu barua, mimi nikakesha nikihesabu viazi.

Jambo la ajabu ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umenionya. Mkulima wako akipita saa sita usiku hajalala, kesho yake huamka na nguvu pungufu. Ikifika saa nane usiku huanguka chini, na huenda akapoteza sehemu ya fedha zake. Nilimlaza mkulima wa picha kwa wakati, huku mimi mwenyewe nikikesha.

Utafiti unasemaje?

Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichapisha uchunguzi uliohusu wachezaji karibu 39,000 wa michezo saba ya video. Waliona kwamba wingi wa saa za kucheza, peke yake, haukuonekana kuibadili hali ya moyo ya wachezaji kwa kiasi cha maana. Lililohusiana na hali yao ni sababu ya kucheza. Waliocheza kwa kupenda walikuwa na hali nzuri kuliko waliocheza kana kwamba wanasukumwa.

Kwa hiyo kila jioni jiulize: nacheza kwa kuwa nafurahi, au kwa kuwa naona ni lazima? Likiwa ni la lazima, si mapumziko tena, hata kama muziki wake ni mtamu.

Usingizi, hata hivyo, una hesabu yake. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Saa inayoibwa hapo hulipwa kesho yake barabarani, jikoni au, kama ilivyokuwa kwangu, katika karatasi ya dawa.

Kipimo cha dawa hii

Siku moja ya shambani, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane usiku, huchukua takriban dakika 14 za saa yako ya ukutani. Kipimo ninachojiandikia sasa ni siku mbili za shambani kwa jioni moja, yaani chini ya nusu saa kidogo. Mkulima anapoingia kitandani kwa mara ya pili, mchezo huhifadhi kazi yake, nami naweka simu chini. Hapo ndipo mahali pazuri pa kuachia. Ukisema “acha nione tu kesho kutaamkaje”, umekwisha.

Isitoshe, zingatia haya:

Maliza kucheza saa moja kabla ya kulala, na simu ilale nje ya chumba.

Kila baada ya dakika 20 inua macho, utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Macho hukauka yakikazia kioo kidogo.

Usiinamishe shingo. Inua simu ikufikie usoni, mgongo ukiegemea kiti.

Daftari la hesabu liweke kando. Shamba lisilo na faida kubwa ni shamba vilevile.

Shamba la picha halikutoi jasho. Mwili bado unadai angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama vile kutembea kwa haraka. Mwenye shamba la kweli mashambani na alishike jembe la kweli anapokwenda nyumbani.

Dalili za hatari

Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika ina ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya video. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana kazini, shuleni au nyumbani. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 ndipo itambuliwe kuwa ugonjwa. Usingoje mwaka mzima, lakini. Ukiona mtu wa nyumba yako ameanza kuteleza, zungumza naye mapema na bila matusi.

Vilevile mchezo hautibu huzuni kubwa. Usipopata usingizi angalau mara tatu kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, au ukijiwa na fikira za kujidhuru, mwone daktari mara moja.

Yule bibi je? Alirudi baada ya mwezi mmoja, kichwa kikiwa kimepoa. Ana shamba lake dogo kwenye simu, na hulifunga akishamwagilia. Siwezi kudai kuwa parsnip zilimponya, kwa kuwa alifanya jambo jingine pia: alimweleza mkubwa wake kwamba baada ya saa mbili usiku hajibu barua.

Mkubwa wake alikubali. Hakuwahi kuombwa hivyo kabla.